Mguu Wenye Adabu

3 Februari

Dada Kamanda,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta bwenini na rula yako mkononi, unakagua kucha za watoto wa watu. Mimi sijambo kuanzia magotini kwenda juu. Kuanzia magotini kwenda chini, hayo ni mazungumzo mengine.

Umemlalamikia dereva wa gari la shule kwamba sipokei simu. Ni kweli sipokei. Simu ina umbea: nikivuta pumzi tu, wewe ushauliza, "Nini tena?" Karatasi haina pumzi. Na huyo dereva wako kila akija mjini kununua mchele anakaa kwenye benchi langu na kunywa chai yangu, basi na abebe barua, hajavunjika mkono.

Daktari wa zahanati kasema ni mishipa ya fahamu, imeharibiwa na sukari. Alisema kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya. Kanipa vidonge vinavyonisinzisha nikiwa na sindano mkononi. Mchana ni siafu: wanaanzia vidoleni, wanapanda mpaka kwenye kigimbi. Jioni siafu wanakwenda kupumzika, anaingia mwenye pasi ya moto. Shuka likinigusa kidole gumba naruka kama nimeguswa na nyoka. Kwa hiyo nimekata boksi la mabuti, nalitega chini ya shuka kama handaki, miguu inalala humo. Ukiniona utadhani duka limeniangukia.

Na kila mteja kawa tabibu. Mmoja aliniambia niloweke miguu kwenye maji ya vitunguu. Nikaloweka. Nikanuka kama supu ya juzi, na siafu hawakujali. Mchinjaji, jirani yangu, kaniletea mafuta kwenye kopo la rangi: meusi, yananata, yananuka beberu aliyenyeshewa. Sijauliza yametokana na nini, maana jibu lingenitoa chakula cha mchana. Lakini napaka.

Kazi bado ni ile ile. Kibao changu kiko mlangoni: VIATU VIPYA VINALAINISHWA KWA MGUU WA MTU, SI KWA MTI. Mungu alininyima sura akanipa mguu wa umma, namba arobaini na mbili. Mwenye mguu mkubwa naongeza soksi, mwenye mdogo nampa pole. Mtu ananiletea kiatu kigumu kama ubao, natembea nacho humu dukani mpaka kinakuwa laini kama mkate. Na kama ndani kuna uzi au msumari unaochoma, wa kwanza kujua ni mguu wangu. Sifa yangu mjini ndiyo hiyo tu, usiicheke.

Mdogo wako,
Soli


12 Februari

Soli,

Marahaba. Barua yako niliisoma nikiwa nakula, kosa langu mwenyewe.

Leo nimekagua bweni zima. Nimeona ukungu katikati ya vidole, nimeona kucha zenye udongo wa kutosha kupanda mchicha, na msichana mmoja soksi zake zilisimama wima peke yake nilipoziweka chini. Yote hayo hayakunichefua kama hilo kopo la mchinjaji. Litupe. Na ukilitupa, litupe mbali na watu.

Halafu hii kazi ya kuvaa viatu vya watu. Nilikwambia tangu mama yu hai: ni sawasawa na kuazima mswaki. Wewe ukacheka, ukasema mguu hauna meno.

Nakuuliza jambo moja na unijibu. Nyayo zako unazitazama? Mpishi wetu hapa ana ugonjwa kama wako, na kliniki walimwamuru atazame chini ya mguu kila siku ya Mungu. Wewe una kile kioo kifupi kilichoegemea ukutani, wateja wanachojitazamia viatu. Kaa kwenye kigoda, inua mguu, tazama. Kioo hicho kimeona miguu ya mji mzima isipokuwa ya mwenye duka.

Vidonge umeze hata kama unasinzia. Fundi aliyesinzia si habari mpya.

Dada yako,
Kamanda


1 Machi

Dada,

Shikamoo, na ukae kitako kwanza. Mguu wa kushoto umepona!

Nasema kweli. Siafu wamehama wote, na mwenye pasi naye kafungasha virago. Juzi kigoda kiliuangukia vidoleni na haukusema kitu. Mguu wenye adabu kabisa. Nimemwambia mchinjaji mafuta yake yanastahili kuuzwa kwenye chupa za kioo, akavimba kichwa, sasa anatembea kama profesa. Wa kulia bado ni mkorofi, unaungua usiku kucha, lakini nimeuambia umuige mwenzake.

Habari ya kioo, hapana. Nitakupa sababu na usinihubirie. Miguu yangu inanitia kinyaa. Visigino vimepasuka kama ukuta wa choo cha zamani, kucha zimekuwa njano kama meno ya mvuta tumbaku, na ngozi inapukutika magamba kwenye soksi, nikizikung'uta utadhani nimepaa samaki. Nikimaliza kuoga navuta soksi huku natazama dari. Marehemu mke wangu ndiye aliyekuwa akinikata kucha, na mwanamke yule, mwenye roho ya malaika, alikuwa akigeuza uso. Sasa hayupo wa kuiona, na mimi sina haja ya kuwa wa kwanza.

Kazi ipo. Mwalimu wa kwaya kaleta viatu vyake vyeusi, nimevitia soli mpya na sasa navilainisha. Unawajua watu wa aina ile: anajimwagia marashi mpaka kopo la gundi linapiga chafya. Kiti changu alikifuta kwa leso kabla ya kukalia, kisha leso yenyewe akaitazama kwa huzuni. Ana tamasha katikati ya mwezi huu. Nazunguka dukani na viatu vyake nikiimba sauti ya nne, na kwa mara ya kwanza mwaka huu natembea upande mmoja bila kukunja uso.

Soli


5 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako nimewasomea wenzangu jikoni. Nimefurahi mpaka nikamsamehe msichana wa soksi za kusimama.

Kile kigoda tu ndicho kimenikaa rohoni, sijui kwa nini. Lakini sitaki kuwa mchawi wa habari njema. Mwambie mchinjaji anipe kopo moja la yale mafuta kwa ajili ya mpishi. Dereva alifunge kwenye mifuko mitatu, na alikalishe nyuma kabisa, mbali na mchele.

Na utazame nyayo zako hata hivyo, mkaidi wewe.

Kamanda


17 Machi

Dada,

Shikamoo. Leo sina utani. Nimedhalilishwa.

Mwalimu wa kwaya alichukua viatu vyake wiki iliyopita. Nilivipiga brashi mwenyewe, vikang'aa mpaka nikajiona pua. Leo kaja navyo ndani ya mfuko wa plastiki, kaushika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya. Dukani kulikuwa na wateja wanne.

"Fundi," akasema, "hiki ni nini?"

"Kiatu, mwalimu."

"Ndani yake."

Akaufungua mfuko. Dada, wateja watatu walitoka bila kuaga. Ndani ya kiatu cha kushoto bitana imekuwa nyeusi, inanata, ina damu iliyoganda na usaha juu yake, na uvundo wake unaingia kooni unakaa. Mimi nimenusa viatu miaka yote, nimenusa vya wachimba vyoo na vya wacheza mpira, lakini hiki kimevishinda vyote.

"Na kuna msumari umechomoza," akasema. "Nilivifungia kwenye boksi nikavitunza kwa siku ya tamasha. Jana usiku natia mkono niweke karatasi, nikachomwa." Akaonyesha kidole chenye bandeji. "Nimeimbisha watu nikiwa na kandambili."

Nikamwambia hapana. Kiatu hicho nimekitembelea mwenyewe kutwa kucha, kama kingekuwa na msumari mguu wangu ungejua. Nikamwambia ajikague. Nikamwambia mbele za watu, "Nyani haoni kundule! Marashi juu, jaa chini. Nenda kaoshe kidonda chako, usiniletee mimi."

"Sijavivaa, fundi. Hata mara moja."

"Basi damu iliingia kwa maombi?"

Akaviacha viatu mezani akaondoka. Mtu mchafu haoni haya.

Na si yeye peke yake. Wiki hii nzima duka linanuka. Nilidhani panya kafa, nikavuta makabati yote, nikapata kisigino cha kiatu kilichopotea mwaka juzi na hakuna panya. Nikamwendea mchinjaji, nikamwambia nyama yake imeoza na ukuta wetu ni mmoja. Kanuna, hatusemeshani. Kisha mbwa wake naye kaingiwa na wazimu: ananifuata kila niendako, anapitisha pua kwenye soksi yangu ya kushoto, analamba mdomo. Kinyaa gani hiki! Nimempiga teke, karudi.

Nina homa kidogo. Ni hasira.

Soli


19 Machi

Soli,

Nimekupigia simu tangu alfajiri, umeizima. Nampa dereva barua hii na nimemwambia asiondoke hapo mpaka uisome mbele yake.

Kaa kwenye kigoda. Vua kiatu cha kushoto. Soksi ikiwa imeganda usiivute, iloweshe maji safi. Kisha uinue mguu mbele ya kile kioo na utazame.

Mguu wako haukupona. Umekufa ganzi. Kigoda kiliuangukia hukusikia. Msumari ulikuchoma siku zote ulizotembea na kile kiatu, na hukusikia. Damu ile ni yako. Uvundo ule ni wako. Mwalimu wa watu hana kosa, mchinjaji hana kosa, na hapo dukani aliyesema ukweli ni mbwa peke yake.

Usipake kitu. Usikanyage chini. Nimeomba ruhusa, nakuja kesho kutwa. Ukiweza kwenda hospitali kabla yangu, nenda, usiningoje.

Mguu unaweza kukatwa, Soli. Tena si mguu tu. Homa hiyo si hasira.

Dada yako


19 Machi, jioni

Dada,

Dereva yuko mlangoni ananisubiri. Kaziba pua, anajifanya anapenga kamasi.

Nimetazama.

Soksi haikutaka kutoka. Niliilowesha kwenye karai, maji yakageuka rangi ya chai iliyosahaulika, ikatoka na vitu ambavyo si soksi. Nikauinua mguu mbele ya kioo. Chini ya vidole viwili vya mwisho kuna tundu, duara, kama nililolitoboa mwenyewe kwa msharasi, ile sindano yangu nene ya kutobolea ngozi. Pembeni yake nyama imekuwa ya kijani, mahali pengine nyeusi, na inachuruzika. Harufu niliyoitafuta nyuma ya makabati, harufu niliyomtukania mchinjaji, muda wote ilikuwa imekaa kwenye kigoda changu inakuandikia barua.

Nimetapika ndani ya ndoo ya gundi.

Halafu nikachukua msharasi, nikagusa ukingo wa lile tundu. Kwa mpini kwanza, kisha kwa ncha. Dada, hakuna kitu. Nilikuwa nautazama kama kiatu cha mteja. Hapo ndipo niliuweka msharasi chini.

Usije. Nakuomba. Nitausafisha kwa spiriti nitaufunga kitambaa. Kuziba matundu ndiyo kazi yangu. Hata kopo la gundi nililishika nikalirudisha, usinicheke. Wewe uliyechefuliwa na mafuta ya beberu, utaufanya nini mguu huu? Mke wangu aligeuza uso kwa kucha tu. Afadhali unikumbuke nikiwa na soksi.

Soli


11 Aprili

Dada Kamanda,

Shikamoo kutoka wodini, kitanda cha dirishani. Mwandiko umenyooka kwa sababu hapa sina pa kukimbilia. Umerudi shuleni juzi tu na wauguzi wameshaanza kupumua. Walikuwa wanakunja mashuka kwa woga.

Nataka kusema jambo ambalo mbele yako lingenishinda.

Ulipoingia dukani siku ile nilikuwa nimejifunika blanketi. Ukasema, "Lete." Sikuleta. Ukakaa sakafuni na gauni lako la kazi, ukauchukua mguu, ukauweka mapajani kama mtoto mchanga, ukafungua kile kitambaa. Ukasema, "Ah, hata si kitu." Kisha ukasema unatoka nje kutafuta maji.

Dada, bomba liko ndani. Nilikusikia nyuma ya ukuta. Ulitapika mara mbili, na mara ya pili ulimwita mama. Halafu ukarudi umenawa uso, ukaanza kunisuta: "Na kucha hizi! Hata tai angeona aibu." Nikajua sasa sitakufa.

Mchinjaji yule niliyemwita muuza mizoga ndiye aliyenibeba mpaka kwenye gari, begani, kama nusu ya ng'ombe. Njia nzima alikuwa akisema, "Vumilia jirani, vumilia," na mimi sikuwa na la kuvumilia, mguu haukuwa unauma hata kidogo. Hilo ndilo lililonitoa machozi. Yeye akadhani ni maumivu, akanibembeleza.

Vidole viwili vimekwenda. Daktari kasema kama ningengoja zaidi ungekwenda mguu. Kidonda kinajaa taratibu, kila asubuhi muuguzi anakifungua, na kila asubuhi nageuza uso. Yeye hageuzi. Jana alinishika kidevu akanigeuza: "Baba, tazama mali yako."

Mwalimu wa kwaya alikuja kuniona. Alikaa kwenye kiti bila kukifuta. Wodi hii unajua inavyonuka, basi kwa mara ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa yale marashi.

"Nilikuita jaa," nikamwambia.

"Nilikusikia, fundi. Wote tulikusikia."

Kidole chake kimepona. Nitamshonea viatu vipya kwa mkono wangu, na nitavilainisha kwa kalibu ya mti. Kibao nimeshamwambia mchinjaji akitoe mlangoni.

Soli


16 Aprili

Soli,

Marahaba. Sikutapika. Nilikuwa nimekula mayai mabovu.

Mafuta ya mchinjaji nimeyazika nyuma ya jiko, na mpishi nimemwomba radhi. Majani ya mahali pale yamekauka.

Sasa sikiliza amri. Ukirudi dukani, kila asubuhi kabla ya kuvaa soksi utakaa mbele ya kioo na kuzitazama nyayo zote mbili, pamoja na katikati ya vidole. Ukiona kinyaa, ona. Mimi naona kinyaa kila Jumamosi kwa bweni zima na sijafa. Na kila Jumamosi utaniandikia ulichokiona. Usinianzie habari za wateja, anza na nyayo. Barua isipofika, nitakuja mwenyewe, na safari hii nitakuja na rula.

Na ule wa kulia, bado unaungua? Handaki lako la boksi nimemtengenezea mpishi. Anasema amelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Kwa hiyo una akili kidogo, sikujua.

Kamanda


Jumamosi, 16 Mei

Dada,

Shikamoo. Nyayo kwanza, kama ulivyoamuru.

Wa kushoto: kovu limefunga, rangi ya ini bichi, limekunjamana kama mdomo wa bibi asiye na meno. Kisigino bado ni ukuta wa choo. Hakuna tundu, hakuna unyevu. Nilipouinua, mteja mmoja aliingia, akaona kwenye kioo, akasema atarudi kesho. Sikushusha mguu mpaka nilipomaliza kutazama.

Wa kulia: mkorofi vilevile. Usiku umenichoma mpaka nikautukana kwa majina ya ukoo wetu wote. Lakini asubuhi ulinyamaza ghafla, dada, na mimi mwenyewe nikaingiwa na baridi. Nikaubonyeza kwa kidole. Kimya. Nikaubonyeza tena kwa nguvu, nao ukaniwakia moto mpaka kwenye goti. Ndipo nikaenda kunywa chai yangu.

Mbwa wa mchinjaji leo kanipita mlangoni bila hata kunigeuzia pua. Sijawahi kufurahia dharau kiasi hiki.

Nimehesabu. Vidole vyote vinane vipo. Vinatia kinyaa kuliko maelezo.

Soli